Kilichokuwa Kikilamba Picha

Picha ya kwanza ya tumbo ilifika Bunda nusu. Daktari Hezron alipiga simu saa sita mchana kusema anaona kichwa cha mtoto, basi. Chini yake ni weusi mtupu. Ya pili ilifika robo.

Matrida, fundi wa kompyuta kutoka Nyakato, alikuwa amepiga magoti mbele ya seva ya kituo kimoja cha afya huko Bweri, pua ameiziba kwa ukosi wa shati. Chumba kilinuka dagaa waliolowa wakasahaulika guniani. Nyuma ya ukuta, Dorkas, mimba ya miezi minane, alikuwa akivuja damu, na wa kuzisoma picha zake alikuwa huyo daktari wa Bunda peke yake, ili aamue: apasuliwe sasa, ama asubiri.

"Waya ni mzima, nimepima," Matrida alisema. "Diski ikitulia, mtandao unakimbia. Diski ikianza kuandika, mtandao unakufa. Sista, kuna kitu mnanakili saa hizi?"

"Hakuna," alijibu Sista Gaudensia, muuguzi mkuu, kwa sauti ya chini. "Inafanyaga hivyo tukipiga picha ya mjamzito. Za kifua zinaendaga vizuri tu."

Matrida akachomoa diski ya akiba. Taa ya diski ya ndani ikaendelea kupepesa. Akatafuta kinachoandikwa, akakuta folda isiyo na jina, inanenepa mbele ya macho yake. Akaifungua. Zilikuwa picha za matumbo ya wanawake wote waliopita hapo tangu mwezi wa pili, na katika kila moja, kando ya mtoto, palikuwa na kitu kirefu, kinene, chenye vinundu, ambacho alidhani ni uchafu wa kioo mpaka alipozipitisha haraka haraka, moja baada ya nyingine, akakiona kikisogea, kikipanda, kikilamba ukuta wa tumbo taratibu kama ng'ombe anavyolamba chumvi.

Akafungua skrubu za ubavu wa seva, na alipouvuta mfuniko ukaja na utando wa ute, vuguvugu, unaonata vidoleni kama wa kambare, wenye vipande vya nyama laini, na mle ndani, juu ya diski, ute ule ulikuwa ukipanda na kushuka, ukipanda na kushuka, kama koo linalomeza. Na kidole chake cha shahada, kabla hajawahi kukiondoa, kikanyonywa.

Alikichomoa kwa nguvu.

"Sista, hapa palikuwa na nini zamani?"

Gaudensia hakumtazama. "Shimo. Tulikuwaga tunatupa makondo ya nyuma, miaka kumi na minane. Mwezi wa pili mwenye kituo akalifunika kwa zege, akajenga chumba hiki. Mama Helena, mkunga wa zamani, alimkataza. Alisema humo kuna jini limezoea kulishwa."

Nyuma ya ukuta Dorkas alilia mara moja, akanyamaza. Simu ikaita.

"Fundi, nipe hiyo picha," Hezron alisema. "Una dakika kumi."

Gaudensia alitazama mlango. "Kuna mama amejifungua asubuhi," alinong'ona. "Ndoo bado ipo."

Matrida alielewa, akatamani asingeelewa. "Ilete."

Ndoo ikaja imefunikwa kwa kanga. Gaudensia akaimimina sakafuni, chini ya seva. Matrida aligeuza uso, lakini masikio hakuweza kuyageuza: akasikia kufyonza, akasikia kutafuna kwa ufizi usio na meno, kisha mbeuo mrefu ulionuka damu iliyolala, na alipotazama tena sakafu ilikuwa kavu, imeng'arishwa. Taa ya diski ilikuwa imezimika. Picha tatu zilikwenda Bunda kwa sekunde nne.

"Mpasueni," Hezron alisema. "Sasa hivi."

Mtoto alitoka hai, wa kike. Mama naye akapona.

Jioni ile Matrida alihamishia seva mapokezi, akaiwekea diski mpya, ya zamani akaimwagia petroli akaichoma. Chumba kikatiwa kufuli. Alinawa mikono kwa jiki mpaka ikachubuka, na wiki nzima samaki hakupita kooni mwake.

Jumatatu Gaudensia alipiga simu.

"Mtandao unakimbia, mdogo wangu. Hauna shida hata kidogo."

"Sasa mbona unanong'ona?"

"Niko wodi ya wajawazito. Wako watano, wamesinzia. Nimewafunua niwapime. Matumbo yote yamelowa ute. Na huyu wa karibu na ukuta wa chumba kile, Matrida, ngozi ya tumbo imeanza kulainika kwa kulambwa."