Sauti ya Getini

Ingrid alikuwa akichagua mapazia katika soko la Jabe aliposikia wauza mitumba wakicheka. Akageuka. Kijana mrefu mwenye miwani alikuwa amevaa koti jekundu la kike lililombana mabegani, na kwa utulivu kabisa alikuwa akimwuliza muuzaji kama analo jingine lililochakaa zaidi.

"We unaenda wapi na ile koti?" Ingrid akamwuliza.

"Si ya mimi. Ni ya mutu alikufa. Anarudi kwao Noeli."

Kijana akajieleza. Jina lake Hyacinthe, na alikuwa akitengeneza filamu ya kutisha, *Mgeni wa Noeli*. Ingrid, aliyekuwa amevaa gauni la kitenge cha njano lililomkaa vizuri na yeye mwenyewe akijua hivyo, akamwambia koti hilo litamtisha fundi cherehani peke yake. Wakapekua marundo pamoja. Mvua ilipoanza walijikuta wamejibana chini ya turubai moja, na namba za simu walikuwa wameshapeana.

Walipendana haraka, kama watu wanaoogopa kuchelewa. Hyacinthe alikaa Kanyosha. Ingrid aliishi Jabe na mama yake, Consolate, na kazi yake ilikuwa katika duka la dawa. Hyacinthe alikuwa na tabia ya kupiga simu duka likiwa limejaa, na Ingrid akimjibu kwa sauti ile ile ya kazini: "Ile dawa unakunywa kisha kula, chéri." Wateja waligeuka kwa lile neno la mapenzi, naye akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Jumapili moja, wakiwa ufukweni mwa ziwa, Ingrid alimwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Alipokuwa mtoto, katika ile miaka mibaya ya vita, kaka yake Salvator alitoka mkesha wa Noeli na hakurudi tena. Kaburi lake halijulikani. Tangu hapo kila mkesha mama yao huacha geti bila kufuli, na huota ndoto ile ile: Salvator yuko nje, anasema, "Mama, fungua, ni mimi." Hyacinthe alimshika mkono, na njia nzima ya kurudi hakuuachia.

Mwanzoni mwa Desemba filamu ikaonyeshwa katika ukumbi mmoja mjini. Ingrid alikaa mbele, gauni jipya, roho juu. Katikati ya filamu familia inakula, taa zinafifia, geti linagongwa. Halafu sauti ya kijana, taratibu: "Mama, fungua. Ni mimi."

Ukumbi mzima ukapiga kelele kwa raha. Ingrid akasimama, akapita kwenye magoti ya watu, akatoka.

Hyacinthe alimkuta nje, penye mvua.

"Ile maneno ni ya mama yangu," Ingrid alisema. "Mi nilikupatia wewe. Sikupatia watu."

Hyacinthe akajitetea kwamba hakukusudia ubaya, kwamba maneno yale yalimwingia moyoni na hakuweza kuyatoa. Ingrid alikuwa ameshaingia kwenye teksi. Baada ya hapo simu yake iliita, ikaita tena, na hakupokea.

Hakutulia. Dukani aliandika maelekezo ya dawa moja mara mbili. Nyumbani alikuwa akiinuka katikati ya kula, anakwenda mlangoni, anarudi bila kujua alifuata nini. Kisha filamu ikatoka kwenye diski. Tajudini, muuza filamu wa pale Jabe, alipanga majalada yake mekundu dirishani, koti na kengele za Noeli juu yake. Sasa maneno ya mama yataingia kila sebule, Ingrid akawaza. Akawa anavuka barabara kila anapofika mbele ya duka lile, na kila akivuka hasira yake kwa Hyacinthe ilizidi.

Jumapili baada ya misa alirudi akamkuta mama ameketi mbele ya televisheni, jalada jekundu mapajani.

Alijaribu kumzuia. Alisema filamu ni mbaya, umeme utakatika, chakula kitaungua.

"Kaa," mama alisema.

Akakaa. Akasimama. Akaenda jikoni, akafunika sufuria iliyokuwa imeshafunikwa, akarudi. Picha ilikuwa safi kuliko ile ya ukumbini, na koti jekundu liliwaka kama kidonda. Familia ikaanza kula. Taa zikafifia. Ingrid akashika kiti.

Mbwa akabweka. Upepo ukapita. Msichana akafungua geti, hakuna mtu, na filamu ikaendelea. Hata Ingrid aliona kwamba hapo ndipo ilipoishiwa nguvu.

Mama akaizima.

"Sauti iko wapi?"

"Sauti gani, mama?"

"Majirani walisema kuna mutoto anaita mama yake getini. Mi niliinunua juu ya ile."

Ingrid akamweleza yote, ya ziwani, ya ukumbini, na ya simu asizopokea. Mama alisikiliza akiutazama mlango. Mwishowe akasema, "Umwite."

Hyacinthe alipokea mara moja.

"Umetoa sauti," Ingrid alisema.

"Niliitoa. Tajudini amenikasirikia, watu wanarudisha diski."

"Mbona haukuniambia?"

"Ungefikiri niliitoa ili urudi."

"Na uliitoa juu ya nini?"

"Juu haikukuwa ya mimi."

Ingrid akamwambia kwamba mama anataka kuisikia.

Hyacinthe alikuja kesho yake alasiri, shati jeupe limepigwa pasi, kompyuta kwapani. Mama alikuwa amejifunga imvutano ya buluu, vazi lake la kwenda harusini. Sauti ilipotoka aliinamisha sikio. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa.

"Apana," alisema. "Si yeye. Salvator hakukuwa anaita. Alikuwa anaruka ukuta, anakanyaga mboga zangu za lengalenga, kisha anasema ni mbuzi."

Akacheka. Ingrid hakuwahi kumsikia akicheka kwa jina lile. Kicheko kikageuka kilio, kilio kikarudi kicheko, na mama akaanza kusimulia: mluzi wa Salvator, viatu alivyoazima bila ruhusa, jinsi alivyopenda ndizi za kuungua chini ya sufuria. Walimsikiliza mpaka jua likaanza kushuka.

"Rudisha ile sauti," akamwambia Hyacinthe alipoaga. "Ni ya filme. Mutoto wangu alikuwa mwingine."

Ingrid alimsindikiza barabarani.

"Mama yako amenisamehe," Hyacinthe alisema.

"Mama ni mama. Mi ninaitwa Ingrid."

Akatembea kidogo bila kumtazama, kisha akasema, "Siku ingine ukitaka kitu changu, uniulize kwanza."

Hyacinthe akasimama katikati ya njia.

"Basi nakuuliza. Utakubali nikuoe?"

Nyuma yao mtu wa baiskeli iliyojaa mikungu ya ndizi alikuwa akipiga kengele.

"Uliza polepole," Ingrid alisema. "Nisikie muzuri."

Akauliza tena, polepole. Ingrid akasema ndiyo, kisha akamvuta pembeni ili ndizi zipite.