Jinzi Isiyooshwa

Mama alinilea kwa mitumba, na sheria yake ilikuwa moja tu: nguo ya mtu usiyemjua isiguse mwili wako kabla haijaguswa na maji. "Osha kwanza," alisema kila mara, hata kama ni soksi. Nilimtii tangu utoto wangu kule Meru. Nikaja kumkaidi Toronto, tena kwa sababu ya jinzi.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, saa kumi na moja jioni, na giza lilikuwa limeshaingia maana jua la huku halina adabu. Nilishuka kununua mkate na mayai Weston Road. Kando ya duka kuna chumba cha kanisa wanamouzia mitumba, nikaingia kutafuta joto. Sikuwa na haja ya nguo.

Niliikuta imekunjwa juu ya meza. Jinzi nzito, buluu inayokaribia weusi, ngumu kama bati. Fundi aliyeishona aliijua kazi yake. Pindo lilikuwa na uzi mwekundu, na ndani ya kiuno alikuwa ametarizi herufi moja: M.

Mimi naitwa Mutuma. Nikacheka peke yangu mle ndani.

Nilimtumia picha Kiprop, tunayefanya naye kazi kwenye makao ya wazee, maana mambo ya jinzi anayajua kupita kiasi. Simu ikalia papo hapo.

"Wueh! Hiyo ni denimu mbichi, bosi. Haijawahi kuona maji."

"Basi itayaona leo."

"Ukiiosha nakukana! Ivae hivyo hivyo miezi sita. Unapokunja goti, inapauka hapo. Unapokaa, inapauka hapo. Mwishowe inakuwa na umbo lako, haitamkaa mtu mwingine yeyote."

Maneno hayo yaliniingia. Naona haya kusema, lakini nilikuwa mpweke vibaya. Ninaishi ghorofa ya kumi na moja, chumba kimoja, dirisha linatazama mto Humber. Siku zangu za mapumziko niliweza kumaliza mbili bila kutoa sauti mdomoni. Kazini nawaosha wazee, nawavisha, na kila nikimgeuza mmoja wao nawaza jambo lile lile: mimi nikianguka kwangu, ni nani atajua? Hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo. Sasa mtu ananiambia kuna nguo itakayonijua... niliitaka.

Sikuiosha.

Niliivaa kila jioni nikitoka kazini. Wiki ya tatu ikaanza kupauka. Nilifurahi, nikaenda dirishani kuitazama vizuri, na furaha ikaniishia hapo hapo.

Ilipauka magotini. Duara mbili, nyeupe, kila moja katikati ya goti.

Mimi sipigi magoti. Hata kanisani nakaa nyuma.

Halafu kulikuwa na harufu. Mafuta ya cherehani, na chai ya iliki. Nilinusa jiko, nikanusa kabati, nikainusa jinzi. Ilitoka kwenye jinzi, na ilizidi kila jua likizama.

Jioni ya Desemba, saa kumi na moja na nusu, nilikuwa nimesimama nikikaanga mayai.

Ngo... ngo... ngo...

Ni ukutani. Ukuta wa nyumba ya jirani, ambayo ilikuwa tupu tangu majira ya baridi yaliyopita. Nilizima moto. Nikasikiliza.

Ngo... ngo... ngo... Kisha mnong'ono, mkavu, chini karibu na sakafu.

"Hodi..."

Kiswahili! Jamani, nani wa kunibishia hodi ghorofa ya kumi na moja, Toronto? Heri ningefunga mdomo. Lakini mtu aliyelelewa na hodi hafikirii, anajibu tu. Na mimi nilikuwa sijabishiwa hodi tangu nitoke nyumbani.

"Karibu," nikasema.

Kugonga kukakoma.

Halafu nikahisi baridi ikiingia ndani ya jinzi. Ilianzia nyayoni, ikapanda polepole, vile mtu anavyovaa suruali.

Mguu wa kulia kwanza.

Kisha wa kushoto.

Magoti yangu yakakunjika. Nikajikuta sakafuni, uso umegusa ukuta, sina nguvu hata ya kupepesa macho. Nilikaa hivyo mpaka mayai yakapoa. Kesho yake tena, saa ile ile. Keshokutwa tena. Nikiivua, haivuliki. Ikifika usiku inalegea yenyewe. Naiweka kabatini nikiapa sitaigusa tena, na nikirudi kutoka kazini jioni najikuta nimeshaivaa.

Mama alinipigia simu ya video. Niliegemeza simu mezani, nikatembea hadi dirishani kumwonyesha theluji nje. Akasogeza uso karibu na simu.

"Mutuma. Mbona unatembea kama mzee?"

"Ni baridi tu, Mama."

"Hiyo suruali uliiosha?"

Nilitazama pembeni.

"Nakuuliza, mwanangu. Uliiosha?"

Siku mbili baadaye niliingia kwenye lifti na Léonard, msimamizi wa jengo letu, Mkongomani mpole asiyeishiwa maneno. Siku hiyo yalimwishia. Alikuwa akitazama ule uzi mwekundu wa pindo.

"Hii suruali ulitoa wapi, ndugu yangu?"

"Mitumba, pale kanisani."

"Mungu wangu. Ni ya mzee Madatali. Mimi mwenyewe nilipelekaka nguo zake pale." Aliishusha sauti. "Alikuwa jirani yako. Fundi wa jinzi kiwandani, miaka na miaka. Mtu wa Kisumu. Hii alijishonea yeye mwenyewe. Tuliikuta kwa meza, imepigwa pasi. Hakuivaa hata siku moja."

"Mlimkuta... vipi?"

"Kwa magoti. Mkono juu ya ukuta. Siku kumi na mbili, na hakuna mtu aliyejua."

"Ukuta upi, Léonard?"

Lifti ilifunguka. Hakushuka. "Ule wa kwako," akasema.

Sasa nitasema lile ambalo sijamwambia hata Mama. Nilimsikia. Februari ile ya kufa kwake, kila jioni palikuwa na mlio wa cherehani ng'ambo ya ukuta, na mimi nilinung'unika. Halafu jioni moja cherehani ikanyamaza, na kukagongwa. Nimewahi kujidanganya kwamba nilidhani ni mabomba ya joto. Uongo mtupu. Nilijua ni mtu. Nilikuwa nimechoka, nikachukua rimoti, nikaongeza sauti ya televisheni. Yeye na Kiswahili chake, mimi na changu, na katikati ukuta mmoja. Niliona aibu mpaka nikalia kwenye korido.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kazi, nilijaza maji beseni la kuogea nikaitumbukiza jinzi. Niliiosha kama ninavyowaosha wazee wangu, upande wa kulia kwanza, mkono mwepesi. "Nisamehe, mzee," nilimwambia. Maji yakawa buluu. Nikayamwaga, yakaja mengine, yakawa meusi. Maji ya tatu, mguu mmoja ulitoa kiputo kikubwa, taratibu, na harufu ya iliki ikajaa bafuni kote. Maji ya nne yalitoka meupe.

Niliianika kwenye roshani. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Niliporudi jioni haikuwa kwenye kamba. Ilikuwa imesimama sakafuni, peke yake, imeganda. Najua, nguo mbichi huganda ikasimama, huku kila mtu anajua hilo. Lakini hii ilikuwa imepiga magoti. Imeelekea upande wa jirani.

Nilivuta pazia. Asubuhi haikuwepo. Léonard alinizungukia jengo lote chini, hakupata kitu. Kwenye theluji ya roshani palikuwa na mashimo mawili madogo ya duara, basi.

Wiki tatu zikapita kimya. Ile nyumba ikapata wapangaji, mke na mume vijana. Nilipanga kwenda kuwasalimu. Jumamosi ikapita, na nyingine ikapita. Uvivu, haya, sijui.

Jana nilirudi kutoka kazini saa kumi na moja na nusu. Nilikuwa na sare ya kazi, suruali nyepesi ya pamba. Nilikuwa sijavua hata viatu.

Baridi ikapanda.

Mguu wa kulia kwanza.

Nilianguka kwa magoti mbele ya ukuta. Safari hii kifua nacho kilibana, pumzi haikutosha kupiga kelele. Mkono wangu ukainuka. Ngo... ngo... ngo... Mdomo wangu ukafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu kabisa.

"Hodi..."

Ng'ambo, wale vijana walikuwa wakicheka. Wakaacha. Nilisikia hatua zikija mpaka ukutani, zikasimama. Mtu alikuwa pale, anasikiliza. Nilikusanya nguvu zote nikagonga tena.

Hatua zikarudi zilikotoka.

Kisha wakaongeza sauti ya televisheni.