Miwani ya Kuonea Konokono

Duka la dawa lilikuwa limefurika kana kwamba mji mzima umeamka unaumwa kichwa. Fundi wa miwani alikuwa kwenye foleni na kikohozi chake, ndipo akamwona mwanamke wa mbele yake ananyoosha mkono. Ameshika kiboksi cha vidonge. Akakisogeza mbali. Akakisogeza mbali zaidi, mpaka kikakaribia pua ya mzee wa foleni ya pili.

"Dada," fundi akamnong'oneza, "huo mkono ukifika mwisho, karibu dukani kwangu."

Mwanamke akageuka. Gauni la rangi ya chungwa, refu hadi kwenye kandambili. Nywele zimeunguzwa na jua na chumvi. Na usoni, kutoka kwenye paji kupita mashavuni, alama ya mviringo kama ya mtu aliyelalia sufuria.

"Na huo ulimi wako ukifika mwisho," alijibu, "huwa unaupeleka duka gani?"

Foleni nzima ikacheka. Fundi alikuwa mwanamume wa makamo, mke alishamkimbia, akazoea kula amesimama jikoni. Siku hiyo kikohozi kilimwisha palepale. Akamsomea kiboksi: vidonge vya kichefuchefu cha baharini.

"Si vyangu," mwanamke akawahi kusema. "Vya wageni wangu. Mimi kichwa kinanizunguka nikiwa nchi kavu."

Alikuja dukani baada ya siku chache, kajifunika mtandio na miwani ya jua, ananyata kama mtu aletaye mali ya wizi. Kilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi wa simu, harufu ya plastiki iliyopata moto, fremu zimepangwa ukutani kama mijusi. Alisoma herufi za mbali zote bila kukwama, hata zile ambazo fundi mwenyewe huzikisia. Alipopewa kadi ya kusoma kwa karibu, akaisogeza mbali mpaka mkono ukaisha.

"Hata herufi ya juu?"

"Naona mchwa wanatembea," alisema. "Sikiliza, fundi. Ukimwambia mtu yeyote nitakuzamisha. Na najua pa kukuzamisha."

Ndipo akamweleza. Alikuwa mwongozaji wa wapiga mbizi kwenye meli ndogo ambayo wageni hulala humohumo, wanakula humohumo, wanazama asubuhi na alasiri kwa juma zima. Wala hawatafuti papa. Wanatafuta konokono wa baharini wasio na gamba, ambao mabaharia huwaita konokono uchi: vidude vya zambarau na manjano, vingine vidogo kuliko punje ya mchele, vimevaa mapindo na manyoya kuliko bibi harusi. Melini yeye aliitwa Jicho. Husemwa aliwahi kumwona konokono aliyempanda konokono mwenzake ndani ya kiatu kilichozama, tena huku yeye mwenyewe anapiga chafya.

"Na sasa huwaoni?"

"Sasa najua vyakula vyao. Kila konokono ana chakula chake, huyu sifongo hili, yule mwani ule. Naelekeza fimbo kwenye chakula, mgeni anasogeza kamera. Akinionyesha kidole kwamba yupo, nami nashukuru Mungu. Asipokuwepo, nasema amejificha, twende mbele."

"Mama yangu! Unabahatisha?"

"Nafanya kazi yangu," alisema Jicho, na sauti ikamkatika kidogo. "Naomba ibaki humu."

Fundi aliapa. Na mapenzi yakaanza hivyo, kwa siri ya mmoja kuwekwa mfukoni mwa mwingine.

Meli ikikaribia mnara wa simu, Jicho hupiga.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula nimekaa. Kwenye kiti kabisa."

"Eti! Na nani?"

"Na picha yako. Haimalizi wali wake."

"Mpumbavu wewe," husema, na fundi hulala akiwa tajiri.

Jambo moja tu lilimkera fundi. Kutengeneza lenzi za kusomea na kuzibandika sehemu ya chini ya miwani ya kuzamia ni kazi ya mchana mmoja. Alimwambia mara nyingi. Jicho alikataa mara zote. Miwani ya waongozaji huoshwa kwenye pipa moja, alisema, kila mtu anaona ya mwenzake. "Nitamwambia nahodha kwa wakati wangu. Niache."

Hakumwacha. Jicho alikuwa amesahau miwani yake ya zamani ya kuzamia nyumbani kwa fundi, nyuma ya mlango wa bafu. Fundi akaipima, akasaga lenzi, akazibandika, akaitia kwenye kiboksi chenye utepe. Kisha akajiandikisha kwenye safari ya meli ya Jicho.

"Wewe?" dada yake alipiga kelele kwenye simu. "Wewe unayeogea kwenye ndoo umeshika ukuta?"

"Dada, nataka nimshangaze."

"Utamshangaza kweli, ukifa."

Jicho alipomwona anapanda ngazi ya meli na begi kifuani, alicheka mpaka akashika kamba. "We! Umefuata nini huku?"

"Konokono."

"Wa aina gani?"

"Huyu mkubwa, mwenye gauni la chungwa."

Siku ya kwanza fundi alitapika hata chakula cha harusi yake. Siku ya pili akapata nafuu, akaketi mezani mchana na wageni, nahodha na mabaharia. Asubuhi hiyo Jicho alikuwa ameelekeza fimbo kwenye sifongo fulani, na mstaafu mmoja mwenye kamera kubwa kama jiko la gesi akapata picha aliyoitafuta miaka mingi. Watu wakagonganisha glasi. "Kwa Jicho!" Fundi akavimba kwa fahari, fahari ikampanda kichwani, akasimama.

"Mimi ni fundi tu," alisema, "ila leo nami nina zawadi." Akafungua utepe. "Nimemwekea lenzi. Sasa mpenzi wangu hatabahatisha tena."

Kijiko kikalia kwenye sahani. Mwenye kamera akakunja uso. "Hatabahatisha nini?"

Fundi akamtazama Jicho. Rangi ilikuwa imemtoka usoni, imebaki ile alama ya mviringo ya miwani ya kuzamia peke yake.

"Jicho," nahodha akauliza polepole, "tangu lini?"

"Tangu msimu uliopita."

Nahodha hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Safari hii hutashuka majini tena," akaendelea na supu yake.

Fundi alimkuta nyuma ya meli, kati ya mitungi ya hewa, anafunga na kufungua mkanda uleule.

"Mpenzi, nilitaka uone."

"Nilikuonyesha wewe. Wewe peke yako, katika dunia nzima."

"Nilidhani watafurahi. Nilidhani—"

"Ulidhani watakupigia makofi." Hakulia. "Niondokee mbele ya macho yangu. Ya mbali bado yanaona."

Waliporudi mjini, Jicho hakupokea simu. Fundi alipiga asubuhi, akapiga mchana, akarekodi ujumbe, akaufuta. Alimkatia mteja lenzi za mtu mwingine, mteja akaondoka akijigonga mlangoni. Chakula kikarudi kuliwa wima.

"Usimpelekee maua," dada yake alimwonya. "Na ole wako umpelekee miwani nyingine."

"Nifanye nini basi?"

"Mdomo wako ulishafanya. Uupumzishe."

Badala yake akaenda gatini kumwombea msamaha. Nahodha alikuwa anapaka rangi mlango, hakugeuka. "Macho ningeyasamehe, kaka. Hata mimi nasoma ramani kwa kioo cha kukuzia. Lakini sasa kila mgeni wa zamani ananiuliza ni wangapi Jicho aliwaona kweli. Nimjibu nini? Nimemwachisha kazi."

Fundi akarudi nyumbani kwa miguu, mji mzima, bila kuona hata kibao kimoja cha barabara.

Jicho alipiga siku ambayo fundi alikuwa ameshaacha kuitazama simu.

"Usiseme kitu. Nikikusikia nitakata."

Fundi akanyamaza. Akanyamaza sana.

"Upo?"

"Si umesema nisi—"

"Nyamaza." Akavuta pumzi. "Niliwadanganya watu. Hilo ni kosa langu, nalibeba. Lakini kulisema pia kulikuwa juu yangu. Nilishapanga maneno, nilishachagua siku. Ukanipokonya, ukalifunga utepe."

Fundi alijifuta uso kwa kitambaa cha kufutia lenzi.

"Kuna meli nyingine, mbali sana," Jicho akaendelea. "Nimewaeleza macho yangu kabla hawajauliza. Mwenye meli akacheka, akasema yake yalichoka zamani. Naondoka Jumapili, mwaka mzima. Sasa unaweza kusema."

"Nisamehe."

"Na?"

"Sina 'na'. Nisamehe tu."

"Miwani uliyoiacha mezani niliichukua, nimeijaribu," alisema Jicho. "Inaonyesha vizuri mpaka nakuchukia. Njoo uwanja wa ndege, unibebee mizigo."

Uwanja ulikuwa umejaa mikokoteni, watoto na watu wanaokumbatiana vibaya. Jicho alivaa suruali ya kijivu na shati jeupe lililopigwa pasi. Begi la vifaa lilimkunja fundi mgongo. Walifika kwenye foleni. Fundi alikuwa na neno lililomkaa kooni tangu alfajiri, akaweka begi chini, akaanza kukunja goti. Mama mmoja mwenye mzigo wa mablanketi akaona, akamgusa mwenzake. Simu mbili zikainuliwa kupiga picha.

Jicho alimtazama tu, na uso wake ukaanza kufungika.

Fundi akaona. Akalinyoosha goti, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, ingawa kilikuwa kiatu kisicho na kamba. Akasimama wima. Akainama kwenye sikio la Jicho, akaziba mdomo kwa kiganja, akasema alichosema kwa sauti ndogo ambayo hata yule mama wa mablanketi, aliyejivuta karibu mpaka akamkanyaga mtu, hakuipata.

Jicho alimshika kola. Akamjibu sikioni pia. Kisha akaingia ndani na pasi yake ya kusafiria, akaisogeza mbali, akaisoma, akapotea.

Fundi alipoingia dukani, simu ililia.

"Haya, mdogo wangu! Umemwuliza?"

"Nimemwuliza, dada."

"Amesemaje? Amekubali? Amekataa? Amesema subiri?"

"Hayo ni yake. Akitaka uyajue, atakwambia mwenyewe."

"Mimi niliyekulea? Mimi niliyekufuta makamasi?"

"Wewe, dada."

"Sauti yako imekaa kama umelia."

"Dada, nina mteja."

Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Fundi akaketi yeye, akaizima simu, akabaki na jibu lake.