Mapenzi ya Mlango Mmoja

Enyi wasomaji watukufu, nawaletea penzi safi kama maji ya chemchemi. Kusema kweli lilinuka. Shikeni pua.

Walikutana hospitalini, katikati ya foleni. Mshonaji, mwenye gauni la njano na futi ya kupimia shingoni, alikuwa amezungushwa dirisha hadi dirisha kutafuta dawa ya mama yake. Mtaalamu wa kompyuta, mwenye shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, alikuwa akifunga mfumo mpya.

"Ombi litaingia mlango mmoja," alimweleza. "Mlango wenyewe utalipeleka maabara, dawa au malipo. Mgonjwa hahangaiki tena."

"Na moyo wako una madirisha mangapi?"

"Moja tu, mpenzi."

Uongo mtupu. Penzi lilipoanza na kazi ikamzidi, mtaalamu alijenga mlango kama ule ndani ya simu yake. Ujumbe wa mahaba kutoka kwa mshonaji ulikwenda kwa mwenzake wa ofisini, aliyejibu "asali wa moyo wangu" huku akichokonoa meno. Wa huzuni ulikwenda kwa dada yake. Wa utani ulikwenda kwa kijana mmoja mwenye kipaji, ambaye hatutamtaja. Majibu yote yalitoka namba moja, na mshonaji aliyabusu. Kichefuchefu.

Siku moja mshonaji akaandika: "Mama anaingia kupasuliwa tumbo. Niambie neno."

Simu ya dada ilikuwa imezimwa. Mlango, kwa utiifu wa kipumbavu, ukaupeleka ujumbe kwa aliyekuwa hewani. Yule kijana alizoea kuwa kila kinachomfikia ni utani. Akajibu: "Wasitupe utumbo, mbwa wetu hajala."

Mshonaji akapiga simu papo hapo.

"Nani ameandika huu uchafu?"

"Mimi, asali wa..."

"Na hiyo asali ni ya nani?"

Mtaalamu akatapika yote.

"Kumbe nilikuwa nambusu nani?" akauliza mshonaji. "Ngoja nikaoshe mdomo kwa sabuni." Akakata.

Mtaalamu aliufuta mlango, akakimbilia hospitali, akaandika kwa vidole vyake: "Niko nje ya wodi. Sijui la kusema."

Saa kadhaa baadaye mshonaji akatoka, macho mekundu.

"Huu ndio ujumbe mbovu kuliko yote," akasema. "Lakini ni wako. Ingia, mama ameamka. Na mwenye mbwa yuko wapi?"

Mtaalamu akamtazama mdogo wake, aliyemfuata na kujibanza nyuma ya toroli la shuka. Shemeji akanivuta sikio hadi kitandani, akamsomea mama ule utani.

"Mwanangu," mama akanong'ona, "mbwa wako anisamehe. Utumbo bado nautumia."

"Ni mimi niliyeandika, Mama," nikakiri. "Na hata mbwa hatuna."