Alama za Magoti

Rangi iliyokauka kabla wewe hujazaliwa haina haki ya kunuka ubichi. Hilo analijua kila aliyewahi kushika brashi, na Fundi Mate alikuwa ameshika brashi tangu ndevu hazijaota. Kwa hiyo asubuhi ile alipofungua karakana yake, chumba cha bati kilichoshikana na jiko la nyumba, akakutana na harufu ya rangi mbichi iliyochanganyika na pumzi ya jino bovu, alitakiwa kufunga mlango aende zake. Hakwenda. Mafundi wana ubishi, jamani, acheni tu.

Pikipiki ilikuwa imesimama katikati ya chumba. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe, ya zamani, nyekundu ya kiza, na rangi yake ni ile ile ya kwanza. Ilikuwa imepauka na kujaa mikwaruzo, na pande zote mbili za tangi rangi ilikuwa imelika hadi bati, pale magoti ya mzee yalipobana miaka yote aliyoiendesha. Mkewe Mate ndiye aliyeirithi. Baba yake hakupenda kupigwa picha, hakuacha hata moja, na mwanamke yule alibaki na alama zile mbili tu. Kila jioni akirudi kazini alichuchumaa kando ya tangi, akaegemeza shavu kwenye alama ya kushoto, akafumba macho.

"Paka nyumba nzima ukitaka," alimwambia mumewe usiku wa kuamkia siku ile. "Nipake hata mimi. Hii iache."

"Watu wapite waone pikipiki ya fundi rangi ina ukurutu? Kazi atanipa nani?"

"Baba hakuipaka maisha yake yote. Alikuwa anasema ngozi ya mtu haibanduliwi."

"Mtu gani? Hii pikipiki, mke wangu!"

Yakaishia hapo, wakalala.

Sasa, jina la Mate hakupewa na mama yake. Fundi huyu akitaka kujua rangi iliyopauka ilikuwaje enzi zake, alilamba kidole gumba akasugua mahali. Panapolowa panang'aa, na rangi ya kweli inajitokeza. Akiridhika au asiridhike, alilamba tena, akasugua tena. Wenzake walimwambia iko siku atalamba sumu. Yeye aliwajibu kwamba mate ni ya bure na hayaishi dukani. Basi asubuhi hiyo mkewe ameshatoka, Mate alilamba gumba lake akasugua alama ya kushoto.

Haikung'aa. Chini ya gumba lile bati lilikuwa na uvuguvugu, tena laini, likasogea kidogo jinsi shavu linavyosogea. Na kwa mazoea tu, kabla akili haijafika, gumba likarudi mdomoni.

Lilikuwa tamu. Mungu anisamehe kwa kusimulia, lakini lilikuwa tamu.

Alichukua msasa, akajiambia anajaribu pembeni kidogo. Rangi haikutoa vumbi. Ilibanduka magamba yenye unyevu, kama kigaga cha kidonda kilichong'olewa mapema, na kila gamba lilipotoka palichuruzika maji ya njano yenye harufu ile ile ya jino bovu. Mtu mwenye tumbo la kawaida angetapika. Mate aliokota gamba, akalitia mdomoni, akatafuna.

Jioni mkewe aliporudi alikuta jiko limevunda. Alifungua dirisha, harufu ikazidi. Akafunua masufuria, akanusa ndoo, akainama mpaka chini ya meza akitafuta panya aliyekufa, na hapo ndipo aliposikia, nyuma ya ukuta wa bati, sauti ya kitu kikitafunwa polepole, kikivunjika, kikilainika, kikimezwa kwa shida, kisha ulimi ukijilamba, kisha kimya kifupi, kisha kutafuna tena, na kila alipojaribu kujiambia ni mbwa ameingia karakana alikumbuka kwamba mbwa hasemi, na kile kilichokuwa kikitafuna kilikuwa kikisema, katikati ya matonge, "Aah. Aah."

Alisukuma mlango. Mumewe alikuwa ameketi sakafuni, kidevu kinachuruzika wekundu. Tangi lilikuwa uchi, limevimba vipele, na kwenye kila kipele umeota unywele mmoja mrefu wenye majimaji. Sakafuni hapakuwa na gamba hata moja. Rangi pekee iliyosalia ilikuwa duara jembamba kuzunguka kila alama ya goti.

"Mume wangu," alinong'ona, "unakula nini?"

"Shh! Utamwamsha." Alipofungua kinywa ulimi wake ulionekana umevaa rangi, imekauka, imepasuka nyufa. Alimwonyesha lile duara. "Hii nimekubakizia wewe."

 Mwanamke alitoka mbio hadi mtaa wa pili kwa mganga, mama mmoja mnene asiyependa kubembeleza watu. Mganga alifika mlangoni pa karakana, akaziba pua kwa mtandio.

"Phuu! Nani kalamba hapa?"

"Mume wangu, mama. Msaidie."

"Baba yako alikuwa na akili. Jini alifungwa ndani ya pikipiki hii, na ile rangi ndiyo ngozi yake. Mumeo kamvua nguo, halafu kamkaribisha mdomoni kwa kidole chake mwenyewe. Kahamia."

"Atatokaje?"

"Alikoingilia. Lakini akitoka akute ngozi yake imerudi, rangi ile ile, si nyingine. Na usiache uwazi hata wa ukucha."

"Rangi ile ile iko tumboni!"

"Basi lete kopo."

"Na alama za baba?" Alizikinga kwa viganja. "Zile niziache, mama. Sina kingine chake."

"Zamani hakuwa na wa kumkaribisha. Sasa ukiziacha, atatokea hapo na kurudi kwa mumeo kabla sijafika kwangu. Chagua, mwanangu. Mimi nataka kutapika."

Mwanamke aliegemeza shavu kwenye alama ya kushoto mara ya mwisho, akalia. Kisha akaleta kopo.

Mganga alimbana Mate tumbo. Yaliyotoka siyataji yote. Yalitoka magamba, yakatoka maji ya njano, zikatoka nywele zilizofungamana hadi ikabidi zivutwe kwa mkono, huku sauti isiyo ya Mate ikiomba kwa unyonge ndani ya koo lake: "Nina baridi, nina baridi." Na kwa kuwa rangi haipakwi bila kuchujwa, mke wa fundi analijua hilo, aliimimina kwenye soksi kuukuu akaikamua kwa viganja vyake. Ilikuwa ya moto. Ndani ya soksi vilibaki vitu vigumu, vidogo, vyeupe.

"Hayo meno usiyatazame," alisema mganga. "Paka!"

Akapaka, machozi yakimtoka. Tangi lilinyonya kila brashi. Alipofunika alama ya mwisho pikipiki ilikoroma kama mtu aliyeshiba, na Mate akaanguka usingizini.

Asubuhi Mate alikuwa kitandani akipumua vizuri. Mkewe alikwenda karakana na kitambaa cha kufutia. Mlango alikuwa ameufunga mwenyewe, ufunguo kalala nao. Harufu ilikuwa imekwisha. Rangi ilikuwa imekauka, nyekundu ya kiza, na pande zote mbili za tangi ilikuwa imelika hadi bati. Alama zilikuwa pale pale, umbo lile lile.

"Baba!" alisema kwa furaha, akachuchumaa, akaegemeza shavu.

Ndipo akili ikamrudia. Rangi hii hakuna aliyeikalia. Hakuna goti lililoigusa. Kilichoila kilikuwa ndani, na kilikuwa kikiila vile vile enzi zote, na sasa, chini ya shavu lake, palikuwa na unyevu, na ule unyevu ukapanda taratibu kutoka kidevuni hadi jichoni. Miaka yote ile hakuwa ameegemea magoti ya baba yake. Alikuwa ameegemea ulimi.

Alijivuta nyuma, akanyakua chupa ya thina ya kuyeyushia rangi, akasugua shavu, akasugua, akasugua mpaka likawaka moto. Harufu ya jino bovu ikatoka pale pale, chini ya ngozi yake.

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni. Alimtazama usoni kwa upole, kama anavyotazama kazi iliyoletwa.

"Mke wangu," alisema, "mbona shavu lako limepauka hivyo?"

Akalamba gumba.