Samaki Aliyetoka Kwenye Visiki

Jioni ile Fundi hakutoka kwa jambo kubwa. Alikwenda kumlisha samaki tu.

Kisimani kwao kulikuwa na kambare, na sharubu zake kabisa, wakimwita Mzee. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemtia, na aliwaachia neno: maji yakimfaa Mzee yanatufaa na sisi, lakini siku akifa, mtu asinywe. Kumlisha ilikuwa kazi ya Fundi, mke wa mtoto wa kiume wa nyumba ile, mshona sare za shule. Mumewe alikuwa dereva wa lori, kuonekana kwake nyumbani kama mvua ya kiangazi.

Unagonga ukingo wa kisima kwa kata. Ko, ko, ko. Maji yanavimba kidogo, halafu mgongo unapanda, unamrushia wali.

Aligonga. Kimya.

Akagonga tena...

Kikapanda kitu cheupe. Tumbo.

Sasa mtasema, mbona hakuita watu? Nyumba ile ilikuwa na ugomvi wake. Wifi yake alikuwa amekata mikoko yote nyuma ya kisima ili apate upepo barazani kwake. Fundi alimwambia kwamba miti ile ndiyo inayoizuia bahari isiingie kisimani. Wifi akamjibu, "Umekuja hapa na begi moja, leo unatufundisha miti yetu?" Mama mkwe akacheka, na kicheko kile kilimkaa Fundi kooni kama mwiba wa samaki. Basi ndege kulastara waliokuwa wakilala juu ya ile mikoko wakahama, kaa wakapotea, maji yakaanza kuacha chumvi kwenye meno. Kila mtu alionja, hakuna aliyesema.

Na wifi alishatamka mbele za watu kwamba anamtafutia kaka yake mke mwingine. Mzee akifia mikononi mwa Fundi, ndiyo sababu imepatikana. Yeye atarudi kwao na begi lake. Kidoti, mwanawe wa pekee, atabaki. Mtoto wa nyumba haondoki.

Akamtia samaki ndani ya kanga, akateremka naye kwenye visiki vya mikoko kumzika topeni.

Kulikuwa na mtu.

Mwanamke, ameketi juu ya kisiki, miguu imezama topeni hadi magotini. Nywele zinamdondoka maji. Harufu yake... tope lililofukuliwa, na yai bovu kwa mbali.

"Pole, dada," alisema, taratibu kama anayembembeleza mtoto. "Umefiwa?"

Fundi akajikuta anamweleza yote, mpaka ya wifi, yale ambayo hata mama yake mzazi hajamwambia. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaingiza mkono topeni, ukazama mpaka kwapani, akatoa kambare. Mzima. Sharubu zinacheza.

Kambare, kwenye tope la chumvi! Hapo mtu mwenye akili zake angekimbia. Lakini Fundi hakumwona samaki. Alimwona Kidoti.

"Nikupe nini?"

"Sitaki kitu. Ila sina pa kukaa, mwenzangu. Nyumba yangu imekatwa yote."

Fundi akajibu kama yeyote kati yetu angejibu. "Kwangu ni kwako. Karibu wakati wowote."

"Ahsante," yule akanong'ona. "Nimeshakaribia."

Alipogeuka kuondoka, tope lilikuwa limeteremka kidogo, akaiona miguu ile vizuri.

Haikuwa miwili.

Fundi akamchukua samaki hivyohivyo, akamtia kisimani.

Maji yakawa matamu, matamu ya ajabu. Mama mkwe akaanza kuyasifu kwa majirani. Wifi naye akachungulia kisimani akasema Mzee amenenepa, Fundi amshonee sare. Wakacheka, Fundi akacheka nao huku akijitenga na ukingo.

Maana samaki yule hakuwa akipanda ukimgongea. Alikuwa akijibu.

Ko, ko, ko... kutoka chini.

Na Kidoti hakutaka tena maji mengine yoyote. Alishinda ameinamia ukingo, ananong'ona na mtu. Akiitwa anageuka polepole. Nyayo zake hazikauki. Mama yake akamwosha, akampaka mafuta, harufu ya tope iko palepale. Akampeleka zahanati, akapewa dawa ya minyoo.

Siku watu wa nyumbani walipokwenda msibani, Fundi alikikausha kisima. Ndoo baada ya ndoo, mpaka viganja vikachubuka. Chini hakukuta samaki. Alikuta mizizi ya mikoko imetoboa mawe kila upande, imejikunja kuelekea juu kama vidole.

Waliporudi akamkimbilia mama mkwe, akamwungamia kila kitu. Yule mama akasema, "Maji haya ndiyo yanatupa heshima mtaani. Usituletee balaa, mwanangu." Wifi alikuwapo. Aliweka kikombe chake chini, akakisogeza mbali kwa kidole.

Fundi akaona dawa ni moja tu: amrudishie yule mwanamke nyumba yake. Kila maji yakipwa akawa anashuka kupanda miche ya mikoko katikati ya visiki, anaomba radhi kwa miti ambayo hakuikata yeye.

Kila asubuhi aliikuta miche mlangoni pake. Imeng'olewa, imeoshwa, imelazwa vizuri, mizizi upande mmoja. Kama vitu alivyoazima jirani kwako na sasa havihitaji.

Yule mwanamke hakuhitaji nyumba tena. Alishapata.

Fundi akaacha kupanda.

Jioni moja alikuwa akimwogesha Kidoti kwenye beseni, jua limeshagusa maji. Mtoto ametulia, anatazama visiki. Kata ikamponyoka Fundi mkononi, ikagonga ukingo wa beseni. Ko. Ikadunda. Ko... ko.

Chini ya ngozi ya tumbo la mtoto, kitu kikavimba.

Kikapanda polepole, mgongo ukitangulia, kikafika chini ya mbavu, kikasimama pale. Kinangoja.

Fundi alitaka kupiga kelele. Angemwita nani? Mama mkwe yuko ndani anawamiminia wageni maji.

Kidoti akamwinulia mama yake macho. Yalikuwa macho yake yaleyale, mazuri, ya mwanawe.

"Mama," akanong'ona, "hujaleta wali?"