Gari Likitikisika

Kilichoibwa kilikuwa marehemu.

Inspekta Doreen Kangas alirudia swali, akidhani amesikia vibaya. Wade Stroud, jitu la miraba minne lenye kofia ya besiboli, alimwonyesha buti la pembeni mwa gari-nyumba lake. Ndani mlikuwa na bomba la maji machafu, glavu za mpira, na nafasi tupu.

"Majivu ya binti yangu," alisema. "Kwenye chombo cha bati, cha buluu. Jana jioni kilikuwa hapa. Asubuhi hii tulikuwa tummwage ziwani."

"Ulimweka pamoja na bomba la choo?"

"Mama yake hawezi kulala naye ndani. Ningemweka wapi?"

Doreen aligeukia ziwa. Ukungu ulikuwa umelilalia Ziwa Superior lote. Kiangazi cha mwaka juzi, kwenye kambi hii hii ya watalii, yeye mwenyewe alisaidia kumtoa Lacey Stroud katikati ya miamba. Binti wa miaka kumi na sita. Faili lilifungwa: ajali. Mtoto ametoroka usiku wenzake wakiwa wamelala, akateleza. Tangu siku ile Doreen aliikwepa barabara hii kila alipoweza, na bado ubaridi wa zile nywele haukumtoka mikononi.

"Kufuli limevunjwa?"

"Hapana."

Hilo halikumsaidia. Funguo za mabuti haya zinafanana, na nusu ya kambi ingeweza kulifungua. Lakini mlinzi wa lango aliapa kwamba hakuna gari lililotoka, na majirani walikuwa wazee wawili waliokuja kutazama ndege. Bibi kati yao aliposikia kilichopotea, alilia. Doreen akarudi kwa familia.

Tobin, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa kwenye kiti cha kukunja, simu mkononi.

"Usiku ulisikia chochote?"

"Mbu. Mtandao hakuna, choo kiko kilomita mbili, na mzee anasema hapa ndipo tutakuwa familia tena. Niliwaambia waniache nyumbani."

"Ulimpenda dada yako?"

Akaitazama simu isiyoshika. "Alikuwa ananiibia chipsi," alisema.

Hattie, wa miaka kumi na mitano, alikuwa akisugua kikaango bombani.

"Unadhani nani amemchukua?"

"Kwani yeye hawezi kuondoka mwenyewe?" Hattie alisema. Hakuinua macho.

Doreen aliyaandika maneno hayo. Akaenda kwenye gari, akakanyaga ngazi. Gari zima likainama kidogo, na kahawa iliyokuwa mezani ikacheza kikombeni. Corinne Stroud alikuwa amempa mgongo, anakata mkate.

"Karibu, Inspekta."

Gari likatikisika tena.

"Tobin, vua viatu."

Doreen akageuka. Kweli, alikuwa Tobin.

"Umejuaje, Bi. Stroud?"

"Nawajua wote. Wade akipanda, gari linalala upande. Huyu hutua kama gunia. Hattie ana hatua za paka, kama dada yake. Mtu hawezi hata kwenda kukojoa nisijue."

"Na jana usiku?"

Kisu kikasita.

"Sikuhisi kitu. Nililala fofofo."

Doreen aliikumbuka kauli hiyo. Maneno yale yale aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe mwaka juzi, kwenye maelezo ya mama wa marehemu.

Akaomba ruhusa ya kupekua. Alikagua makabati, friji, godoro la wazazi, kitanda cha Tobin, na cha Hattie kilichobanwa kando ya mlango. Kikabaki kitanda cha juu ya kiti cha dereva, pazia limefungwa.

"Hicho hatukigusi," Corinne alisema haraka. "Ni cha Lacey."

Doreen akalivuta pazia. Chombo cha buluu kilikuwa kimelazwa juu ya mto, kimefunikwa blanketi vizuri.

"Ni mimi," Hattie alisema akiwa mlangoni, mikono bado ina povu. "Kulikuwa na baridi, na Baba alimfungia nje tena."

"Tena?"

Corinne aligeukia mlango. Gari likalala upande. Wade alikuwa amepanda.

"Huyu mtoto amechanganyikiwa, Inspekta. Msiba huu—"

"Kaa chini, Bwana Stroud. Bi. Stroud, usiku ule wa Lacey, gari lilitikisika?"

Corinne akaweka kisu chini. "Lilitikisika," alisema. "Alikuwa amesimama kwenye ngazi, anagonga. Nilimwambia Wade amfungulie."

"Bwana Stroud?"

"Alitoroka kwenda kuota moto na vijana wa kambi ya pili. Nilishamwonya kwamba akichelewa atakuta komeo. Nilitaka aogope kidogo, basi. Ningemfungulia."

"Lini?"

"Akiacha kugonga."

"Akaacha?"

Wade akavua kofia. "Akaacha. Nikasema, sasa amejifunza. Halafu nikapitiwa na usingizi." Akaikunja kofia. "Nadhani alikwenda kutafuta joto kule mabafuni. Njia inapita miambani."

"Na mkasema mlikuwa mmelala."

"Ningesemaje?"

"Kitanda changu ni hiki," Hattie alisema. "Komeo nalifikia nikiwa nimelala. Alikuwa ananiita mimi, kwa sauti ndogo. Baba alisema asifungue mtu."

Corinne alijifunika uso. "Na jana nilihisi hatua za paka ngazini. Nilijua ni Lacey, Inspekta. Nilijua kabisa. Na bado nilifumba macho."

Doreen aliandika yote. Alimwambia Wade kwamba faili linafunguliwa upya na watakwenda wote kituoni; yeye atangulie, amsubiri kwenye gari la polisi. Wade akashuka. Upepo wa ziwani ukaubamiza mlango nyuma yake, komeo likajifunga.

Baada ya muda mfupi, gari likainama. Mtu akagonga.

"Koti langu," Wade alisema kwa nje.

Hakuna aliyesogea. Kahawa ilikuwa ikicheza kikombeni. Akagonga tena, polepole. Tobin alimtazama mama yake; Corinne alitazama sakafu.

Hattie akaketi kitandani kwake, akanyoosha mkono, akavuta komeo.

"Ingia, Baba," alisema. "Nje kuna baridi."